Bubu wa Nyumba ya Mfano

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe gizani, kisha kikanyamaza ghafla kama kilichozibwa mdomo. Mama Cherehani alifumbua macho kitandani akatega sikio. Jikoni, nyuma ya pazia, mama mkwe wake alikuwa anamkorogea mjukuu chai bila kuwasha taa, na wawili hao walikuwa wananong'ona. Walinong'ona kwa lugha ya Bibi, lugha ya watu wa ng'ambo ya mto, wakichekea puani ili wasisikike. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yao. Jua likishachomoza, nyumba ilikuwa mali ya Taifa.

Sheria hiyo aliitunga Mama Cherehani mwenyewe. Kuanzia kunapokucha hadi watu wanapolala, ndani ya nyumba hii ni Lugha ya Taifa tu. Bibi, ambaye Lugha ya Taifa aliijua kwa kiasi cha kununua chumvi na kukataa kupunjwa, aliipokea sheria kwa kutikisa kichwa. Mjukuu wake aliipokea kwa kunyamaza.

Kimya hicho ndicho kilichomkosesha mama mtu usingizi. Jina la Cherehani mtoto hakupewa bure. Tangu ajue kuongea, mdomo wake ukianza ulikuwa hauishiwi uzi: alishona maneno ya Bibi, ya mama, ya baba na ya majirani kwenye vazi moja, akalivaa akatoka nalo nje. Sasa, mchana kutwa, alikuwa mashine iliyokatika mkanda. Ukimwuliza kama ameshiba, anaitikia kwa kichwa. Ukimwuliza kama ana njaa, anaitikia kwa kichwa kilekile.

Nchi yenyewe ilikuwa bado changa. Bendera ilikuwa haijapoteza mikunjo ya kiwandani. Wakubwa walikaa wakatafuta lugha moja ya kuwaunganisha wananchi. Kazi ilikuwa ngumu, kwa sababu kila lugha iliyotajwa ilikuwa ya bibi wa mtu fulani, na mjukuu wa bibi mwingine alisimama akasusa kikao. Mwishowe wakaichagua lugha ya sokoni, ambayo kila mtu aliijua kidogo na hakuna mkubwa aliyebembelezwa nayo utotoni. Waziri akautangaza uamuzi huo uwanjani kwa hotuba nzito, yenye kusisimua, aliyoitoa kwa lugha ya wageni walioondoka, maana hiyo ya taifa alikuwa hajapata nafasi ya kujifunza. Watu hawakuelewa kitu. Walipiga makofi kila alipokunywa maji.

Mama Cherehani hakucheka siku ile. Lugha hiyo aliipenda kwa dhati. Alikuwa ameisomea darasa la jioni, mtoto mgongoni, daftari pajani, seremala mmoja akikoroma dawati la nyuma. Ndiyo iliyompa kazi ya kupiga chapa. Na kabla ya hayo yote, ndiyo iliyompa mume. Yeye alikuwa mtu wa milimani na mumewe, fundi bomba, alikuwa mtu wa ng'ambo ya mto. Fundi alimtongoza kwa lugha ya sokoni kwa kuwa hawakuwa na nyingine ya pamoja. Maneno yalikuwa machache na mengine hayakukaa sawa, lakini mpaka leo hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo, serikali ilipofungua Idara ya Lugha, aliomba kazi huko kwa moyo mweupe. Alikuta mambo yamepangwa vizuri. Mkurugenzi aliandika nyaraka zake kwa lugha ya wageni. Mfasiri wa chumba cha pili alizigeuza kuwa Lugha ya Taifa. Mama Cherehani akazipiga chapa, kisha akaziambatanisha na zile za mwanzo, ili Mkurugenzi aweze kujua alichosema. Waraka wa kupiga marufuku lugha ya wageni maofisini ulichelewa sana kutoka, kwa sababu mfasiri alikuwa likizo.

Idara hiyo ndiyo iliyobuni mpango wa Nyumba ya Mfano. Mtumishi yeyote angeweza kuomba nyumba yake ikaguliwe, na ikithibitika kwamba Lugha ya Taifa inaongewa sebuleni, jikoni na chumbani, apewe cheti. Neno "chumbani" lilifutwa baadaye, baada ya wakaguzi wengi mno kujitolea. Mwenye cheti mtoto wake alipata nafasi katika Shule ya Mfano.

Shule hiyo Mama Cherehani aliijua vizuri, kwa nje. Kila jioni akitoka kazini alipita kando ya ua wake akipunguza mwendo. Madirisha yalikuwa na vioo. Madawati yalitosha. Siku moja aliona darasa zima la watoto wadogo limelala kifudifudi sakafuni, wanachora, na mwalimu naye amelala kifudifudi pamoja nao. Akafika nyumbani akalia kidogo akimenya viazi, akasingizia vitunguu ambavyo havikuwepo. Alimtaka mwanawe alale kwenye sakafu ile. Ndiyo maana akaomba kukaguliwa, na ndiyo maana akatunga ile sheria ya nyumbani.

"Mkaguzi anakuja kwenu Jumamosi," alisema Miwani, mpiga chapa mwenzake, ambaye jina la utani alilipata kwa kutafuta miwani yake huku ameivaa. "Nimemsikia anamwuliza dereva njia."

"Najua."

"Na mama mkwe?"

"Yupo."

"Najua yupo, ndiyo maana nauliza. Yule wa uhasibu wa kwake alimpeleka kwa shangazi. Wa stoo alimfungia bafuni, akasema bomba limeharibika."

"Mume wangu ni fundi bomba, Miwani. Hata Mkaguzi atacheka."

"Basi mpeleke kwao siku mbili tatu, akapunge upepo."

"Na mtoto alale na nani?"

Miwani aliacha kupiga chapa. "Mimi mama yangu nilimwambia akae kimya tu. Mkaguzi akamsifu kwa utulivu, tukapata cheti siku ileile."

"Afadhali."

"Ee, afadhali," alisema Miwani, akaanza kufuta miwani kwa upindo wa gauni. "Ila sasa amezoea. Haongei hata nikimwomba. Juzi nilimwambia, Mama, nitukane basi. Akanitazama tu."

Jioni hiyo, wakiwa mezani, Mama Cherehani aliliweka jambo wazi. Mumewe alikuwa anakula, mikono bado inanuka kutu. Bibi aliketi karibu na mlango wa jikoni, na Cherehani alikuwa chini ya meza, mahali alipopenda kukaa siku hizi.

"Mama haendi popote," alisema fundi bomba hata kabla hajaulizwa. "Kama Taifa haliwezi kukaa chumba kimoja na mama yangu, lihame lenyewe. Nyumba nalipa mimi."

"Tunalipa sisi," alisema mkewe.

"Tunalipa sisi. Mama haendi."

"Nani amesema aende? Nasema akiulizwa swali atajibu nini? Atamwuliza Mkaguzi bei ya chumvi?"

Bibi alikuwa anawatazama mmoja baada ya mwingine. Akauliza kwa lugha yake, sheria au hapana sheria, "Ni nani huyo anayekuja?"

"Mtu wa serikali, Mama," mwanawe alimjibu kwa lugha ileile. "Anakuja kusikiliza tunavyoongea."

"Redio yake imekufa?"

"Tukiongea vizuri mtoto anapata shule."

"Shule ileile mkwe wangu anayopita akiitazama mpaka anachelewa kupika?"

Mama Cherehani aliinamisha uso. Hakujua kama watu walikuwa wameona. Lugha ya Bibi alijifunza jikoni humo humo mwaka wa kwanza wa ndoa, kwa njia ya kuchekwa, na siku hizi ilimwingia hata asipotaka.

Bibi alifikiri, akitafuna polepole. Kisha akasema, "Nitakuwa bubu."

"Hapana, Mama."

"Kwa nini hapana? Nimekuwa binti wa watu, nimekuwa mke, nimekuwa mjane. Cheo hiki sijawahi kupewa. Na kimya ninakijua. Baba yake huyu alipouza shamba la mtoni bila kuniuliza, sikumsemesha mavuno mawili. Maskini, alifikiri nimeanza kuwa mpole."

Fundi bomba alicheka mpaka akapaliwa. Mama Cherehani naye alicheka, kisha kicheko kikamkwama, kwa sababu alimkumbuka mama yake Miwani. Lakini akaiona tena ile sakafu yenye watoto, akanyamaza. Na aliyenyamaza amekubali, ndivyo wasemavyo wanaopenda watu wanyamaze.

Sauti ndogo ikatoka chini ya meza, kwa lugha ya Bibi. "Bibi, bubu ni nini?"

"Ni mtu ambaye ulimi wake umepumzika."

"Wako umechoka?"

Bibi alimvuta mtoto akamfuta pua ambayo haikuwa na kamasi.

Jumamosi nyumba ilifagiliwa mpaka kuta. Waraka ulielekeza kwamba kila kitu ndani ya Nyumba ya Mfano kibandikwe jina lake, kwa hiyo meza iliandikwa MEZA, dirisha DIRISHA, na fundi akajibandikia BOMBA mwenyewe kwa fahari. Bomba lilikuwa linavuja, maana la fundi halitengenezwi, na wino ukaanza kuchuruzika. Karatasi moja tupu ilibaki mkononi mwake. Alimtazama mama yake kwenye kiti cha pembeni, akaitazama karatasi. Mkewe akamtazama yeye. Karatasi ikaingia mfukoni.

Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye viatu vinavyong'aa kuliko barabara aliyopita. Lugha ya Taifa aliiongea kama mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga mawe: neno, anatulia, anaangalia lingine liko wapi.

"Nyumba," alisema, "ni nzuri." Akapumzika. "Majina yapo."

"Yapo, mheshimiwa," alisema fundi bomba.

"Hapa mnaongea lugha gani mkiwa na furaha?"

"Ya Taifa."

"Na mkigombana?"

"Ya Taifa, mheshimiwa. Ndipo tunapoiongea sana."

Mkaguzi aliandika kwa kuridhika. Kisha kalamu yake ikaelekea pembeni. "Na mama huyu?"

Fundi bomba alikohoa akageukia dirisha, akalisoma DIRISHA kama aliyepokea barua. Ikabaki kazi ya mkewe.

"Ni mama mkwe wangu," alisema. "Ni bubu."

Neno lilimtoka kirahisi, laini, limenyooka kuliko maneno yote aliyoyasomea darasa la jioni. Alitamani limkwaruze koo kidogo.

"Safi sana," alisema Mkaguzi, uso umefunguka. Kisha akaukunja haraka. "Yaani, pole." Akamwinamia Bibi, akapaza sauti kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde, maana watu wengi huamini kwamba bubu yuko mbali. "Pole sana, mama."

Bibi aliipokea pole kwa heshima zote.

Chai ililetwa. Mkaguzi aliinywa kwa pupa ya mtu aliyekwisha kukagua nyumba nyingi, ikamuunguza, na papo hapo akatoa tamko refu ambalo halikuwa la Taifa, wala la wageni, wala la ng'ambo ya mto. Ilikuwa lugha ya mama yake mzazi, popote alipokuwa. Hakuna aliyelielewa hata neno moja, na kila mtu alielewa yote.

Bibi aliangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha mwanamke mwenye mapafu yake kamili.

Mkaguzi aliifuta midomo. "Anasikia?"

"Anaona, mheshimiwa," alisema fundi bomba. "Uso wako ulivyofanya."

"Aa." Mkaguzi aliitazama karatasi yake. "Hilo nililosema mimi halihesabiwi. Lilinitoka."

"Hatukusikia kitu," alisema Mama Cherehani.

Mgeni akatulia, akanyoosha miguu, akawa karibu mtu wa nyumbani. "Nawaambia ukweli," alisema. "Wazee ndio wanaotusumbua. Unakuta kijana safi, mke safi, halafu kuna mzee jikoni anaharibu hesabu yote. Nyumba zote zingekuwa na bibi wa namna hii, Taifa lingekuwa limekwisha kuungana."

Alisema kwa nia njema, na hilo ndilo lililouma. Mama Cherehani alimtazama mama mkwe wake. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mikono ya Bibi ilikuwa pajani, mmoja umeushika mwingine, kama anayeuzuia usijibu. Maneno ya mgeni huenda hakuyapata yote, lakini alikuwa amepata ya kutosha.

"Sasa mtoto," alisema Mkaguzi. "Yeye ndiye mwenye shule. Njoo, mtoto mzuri."

Cherehani alitoka chini ya meza akasimama mbele yake, gauni limepigwa pasi, nywele zimesukwa mpaka macho yamevutika.

"Hii ni nini?" Mkaguzi aligonga meza.

Kimya. Hata jibu lilikuwa limebandikwa.

"Unaitwa nani?"

Kimya. Mtoto hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anamtazama bibi yake, aliyeketi pale na ulimi uliopumzika, mchana kweupe, mbele ya watu, na baba na mama wote wamekubali.

"Anaweza, mheshimiwa," alisema Mama Cherehani. "Anaongea sana huyu. Tunamwita Cherehani."

"Simsikii."

"Anaona haya tu," alisema baba mtu. "Mwanangu, mwambie bwana mkubwa jina lako."

Mtoto akaitikia kwa kichwa.

Mkaguzi alimtazama mtoto, akamtazama Bibi, kisha akamrudia mtoto, na huruma ya kweli ikamjaa usoni. "Hii hurithiwa," alisema kwa sauti ya chini. "Mngesema tu, msingeona aibu. Shule ya Mfano haiwezi kumpokea, hapo sina la kufanya. Lakini wizara imefikiria kila kitu. Ipo shule ya watoto wa namna hii, kule mwisho wa mji."

"Ile imekwisha kujengwa?" aliuliza fundi bomba.

"Imekwisha kuzinduliwa."

Akaishusha kalamu kwenye karatasi, akitafuta mahali pa kumwandika.

Mama Cherehani aliitazama kalamu ikishuka. Akisema kwamba Bibi si bubu, cheti kimekwenda, na shule imekwenda nacho. Asiposema, mwanawe anaandikwa bubu kwa mkono wa serikali, na ya serikali yakishaandikwa hayafutiki kwa sabuni. Uongo aliupika yeye, sasa ulikuwa unapakuliwa kwenye sahani ya mtoto. Na kibaya zaidi hakikuwa kalamu. Alimwona mama yake Miwani ameketi mahali fulani kwenye kiti kama kile, anatazama tu. Akamwona mwanawe kwenye kiti cha pili, kando yake.

Akapiga magoti sakafuni. Akamshika Cherehani mabega yote mawili, na mbele ya mjumbe wa Idara ya Lugha, ndani ya Nyumba ya Mfano, chini ya DIRISHA na kando ya MEZA, akamsemesha kwa lugha ya ng'ambo ya mto, kwa lafudhi yake ya milimani ambayo Bibi hakuacha kuicheka.

"Mwanangu," alisema. "Sema unalotaka. Kwa ulimi wowote ulio karibu nawe. Mimi sitakasirika, na ile sheria yangu ya nyumbani nimeifuta."

Kalamu ilisimama. "Mama," alisema Mkaguzi, "hiyo ni lugha gani?"

"Ya nyumbani," alijibu bila kugeuka.

Fundi bomba aliacha kulisoma dirisha. Akaja akachuchumaa karibu na mkewe, magoti yakamlia. Bibi alikuwa ameegemea mbele kwenye kiti chake, midomo imefumbwa kwa nguvu, bado anatimiza ahadi yake, macho yamejaa maji.

Cherehani aliwatazama wote kwa zamu. Alimtazama Bibi, ambaye alikuwa anajua. Akamtazama baba, akamtazama mama, nao walikuwa wanajua. Akamgeukia mgeni. Ni yeye peke yake humu ndani aliyekuwa hajui, na mgeni asiyejua huelekezwa kwa lugha anayoisikia. Mtoto akavuta pumzi, akainua kidevu, akasema kwa Lugha ya Taifa, polepole na kwa adabu, ili mgeni naye aelewe:

"Bibi yangu si bubu."